Meza ya Tusikimbiane

Kufungua kampuni ya kamari mtandaoni ni ghali kuliko kufungua hospitali, na asiyeamini aje aniulize mimi. Hospitali hailazimishwi kuweka dhamana kwa ajili ya wagonjwa watakaopona. Sisi tulilazimishwa. Kabla mchezaji wa kwanza hajabonyeza kitufe, mwenzangu Lusajo na mimi tulikuwa tumeshalipa ada ya leseni, tumeshaweka dhamana ya kuwalipa washindi ambao hawajazaliwa, tumeshakodi seva ndani ya mipaka ya nchi, na tumeshamlipa mwanasheria aliyekuwa akisinzia mbele yetu. Tuliwalipa hata wakaguzi waje wathibitishe kwamba mashine yetu ya bahati haijui kudanganya. Kweli haikujua. Waliojua ni watu wengine wote niliokutana nao katika biashara ile.

Kilichotumaliza kabisa ni vivuli.

Siku ya jaribio tulikaa kwenye benchi la chuma nje ya chumba cha matokeo, Jumba la Vivuli, Dodoma. Lusajo alikuwa anatikisa goti. Mimi nilikuwa natafuna ukucha na kumchukia kila aliyepita na faili. Ndani ya chumba kile, nyuma ya ukuta, mama yangu mzazi na wenzake wa kikoba, chama chao cha kuweka na kukopa, walikuwa wanacheza kamari mwaka mzima, na wakati huohuo walikuwa majumbani kwao huko Upare wakipalilia tangawizi bila habari.

Kivuli ni wewe bila mwili. Unavaa bangili kwa majuma kadhaa, nayo inasikiliza jinsi unavyobishana bei sokoni, unavyotuma fedha kwa simu, moyo unavyokudunda ukiona anapiga mtu usiyetaka kumpokelea. Halafu wanakuumba ndani ya mashine, na yule wa mashine anaishi. Mwaka wake unaisha kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Sheria inasema mchezo wowote wa kamari uchezwe kwanza na vivuli kwa mwaka mmoja, na kikitokea kivuli hata kimoja kikauza kitanda chake, leseni hakuna. Watu wanaiita Sheria ya Kitanda. Walioitunga walifikiri vizuri, nawapa haki yao: mtu anaweza kuuza redio akarudi, anaweza kuuza mbuzi akarudi, lakini aliyeuza anapolala huyo amekwisha.

Vivuli vinakodishwa na madalali. Vya vijana wa mjini wanaoshinda kutwa kwenye mikeka ya kubashiri mpira vina bei ya kukufanya ucheke kwa uchungu. Fedha yetu ilikuwa imekata, ndipo nikafanya jambo nililoliona la akili. Nilikwenda kwa mama. Yeye ni mwenyekiti wa kikoba kinachoitwa Tusikimbiane, wanawake thelathini wa mlimani, wilaya ya Same. Aliwaambia wavae bangili za binti yake, wakavaa. Hawakuniomba hata nauli.

Nilikuwa na sababu. Watani wetu wanasema Mpare akikuazima kiberiti anahesabu njiti, na mimi kwa mara ya kwanza niliufurahia utani huo. Nikajiambia: hawa wakikaa mezani watacheza kidogo, watauona ujinga wake, watarudi kwenye tangawizi zao. Vitanda vitabaki. Tutapata leseni kwa watu wagumu kuliwa, na kampuni yetu itakuwa ya kwanza nchini inayoweza kusema haijamtoa mtu roho. Hivyo ndivyo nilivyopanga, mimi msomi wa hesabu.

Mlango ukafunguliwa. Ofisa wa Jumba, mwanamke mnene mwenye miwani kichwani, akatuangalia kama mtu anayetoa matokeo ya mtihani.

"Kampuni ya Mezani?"

"Ndiyo," Lusajo akaruka.

"Mmepita. Vitanda vyote vipo."

Lusajo alinikumbatia mpaka mgongo ukalia. Alikuwa analia kabisa, mwanaume mzima na ndevu zake. Juu ya bega lake niliona karatasi ya matokeo mkononi mwa ofisa, na nikaona mstari wa chini, ule wa faida ya kampuni kwa mwaka. Nikadhani nimeusoma vibaya. Nilimtoa Lusajo kifuani kwangu, nikausoma tena.

"Hii faida imetoka wapi?" nikauliza.

"Kwa wachezaji wenu," ofisa akajibu. "Itoke wapi kwingine?"

"Hawa ni wanawake wa kijijini. Hawana hiyo fedha."

"Hawana sasa," akasema, akashusha miwani machoni. "Unataka kuangalia?"

Lusajo alisema twende tukale nyama, tumepita, tuangalie nini. Nilimwambia atangulie, lakini akanifuata. Ofisa akatufungulia mwezi wa mwisho wa mwaka ule.

Niliiona sebule ya mama. Kabati la vyombo halikuwepo. Dirishani niliona zizi tupu, na jiko la nje limebaki miti mitupu, mabati yameng'olewa. Shamba la tangawizi la jirani yake Namsifu lilikuwa limewekewa uzio wa mtu mwingine. Ofisa akageuza kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ilikuwa hivyohivyo: imepukutishwa, imefagiwa, na katikati ya chumba kitanda kimetandikwa vizuri. Halafu akatuonyesha meza yetu, Meza niliyoichora mimi, ambapo wachezaji huketi pamoja na kila mmoja huuona mkeka wa mwenzake. Walikuwa wameketi wote. Macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hawaondoki?" Lusajo akauliza.

Mimi nilishajua. Nililijua kabla hajamaliza kuuliza.

Kikoba cha Tusikimbiane kina sharti moja ambalo mama hajawahi kulilegeza. Siku ya kikao kila mwanachama analeta hisa yake na rejesho lake, na hakuna anayeondoka sanduku halijajaa. Mmoja akipungukiwa, mlango haufunguliwi. Wanakaa. Mwingine atatoa kidogo, mwingine atakopa kwa jirani, mwingine atafungua fundo la kanga, mpaka pengo lizibwe, ndipo mwenyekiti anafunga kikao na watu wanakwenda kupika. Nimekulia ndani ya vikao hivyo. Nimelala njaa kwa sababu ya vikao hivyo.

Sasa kivuli cha Namsifu kilipoteza ada ya mtoto mwezi wa kwanza. Kama angekuwa kijana wa mjini, wenzake wangemcheka na kuendelea na mambo yao. Wale hawakucheka. Waliketi. Wakacheza ili wamrudishie Namsifu ada, mwingine akapoteza mbuzi, wakacheza ili wamrudishie mbuzi wake, na mwingine tena. Kila aliyekaribia kuuza kitanda aliinuliwa na wenzake kwa kile kidogo walichobaki nacho. Wakashuka wote pamoja, taratibu, wamelingana kama maji kwenye ndoo inayovuja, na Sheria ya Kitanda ikawapita juu ya vichwa bila kumgusa hata mmoja. Hawakuwa na tamaa hata chembe. Ningeona tamaa ningepata nafuu.

"Lakini tumepita," Lusajo akasema polepole.

Nilitamani kumpiga kofi.

* * *

Mfadhili wetu alikuwa Madam Adventina. Ndiye aliyetupa fedha ya kwanza, ile ya kuanzia, na sharti lake lilikuwa jepesi kulisoma: tukifaulu jaribio anaongeza fedha yote iliyobaki tufungue milango, na tukishindwa anachukua jengo, seva na viti. Ofisi yake ilikuwa na harufu ya karafuu. Alikuwa mama wa makamo, mpole, anayemwita kila mtu mdogo wangu, na aliponiita mimi mdogo wangu nilikuwa nahisi kama mtu ananipima shingo.

Matokeo alikuwa ameshayasoma. Aliyasoma kwa namna yake, kama wafadhili wote wa biashara ile wanavyoyasoma. Baraza la kamari, linalotoa leseni, liliweka vivuli ili lijue nani ataumia. Wafadhili wakagundua kwamba karatasi hiyohiyo inawaambia nani atalipa, kiasi gani, na kwa muda gani, kabla hawajatoa hata senti. Kinga ya mchezaji imekuwa ramani ya kumfikia. Hakuna aliyeficha jambo hili. Walikuwa wanalisema kwenye semina, na chai inaandaliwa.

"Nimefadhili kamari miaka mingi," akasema. "Unajua kinachonitia hasara? Wanaume. Mwanaume anacheza kama mwehu, mwezi wa nne ameuza kitanda, leseni hakuna, fedha yangu imekwenda. Mteja anakufa mapema. Lakini hawa!" Akagonga karatasi kwa kidole. "Hawa hawafi. Mdogo wangu, umeniletea mteja asiyekufa."

"Hao ni mama zangu," nikasema.

"Ndiyo maana walikupa bure."

Lusajo alikuwa anaangalia zulia.

Akaendelea kwa utaratibu wake. Leseni inatolewa kwa ajili ya watu wa aina ya vivuli vilivyojaribiwa, hivyo soko la kwanza la Mezani litakuwa Same, mlimani kwetu, na wateja wa kwanza ni kikoba cha Tusikimbiane. Baada ya hapo vikoba vya wilaya, kisha vya mkoa. Kimebaki kitu kimoja tu. Madalali huwalipa wenye vivuli, na mwenye kivuli akilipwa anakuwa ameachia haki zake zote. Wale wangu hawakulipwa, kwa hiyo bado walikuwa na haki. Ilitakiwa saini ya kuachia, na kwa kundi lenye uongozi inatosha saini ya mwenyekiti.

"Nitatuma gari langu limfuate," akasema. "Mzee asihangaike na basi."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema hapana. Sikusema. Nilisema nitafikiria, na Madam akatabasamu, kwa sababu wanaofikiria ndio chakula chake.

Kwenye ngazi Lusajo alinishika mkono.

"Usithubutu," akasema. "Nakuona usoni. Usithubutu kufuta ombi."

Ndilo nililokuwa nalifikiria. Mwanzilishi yeyote, hata peke yake, ana ruhusa ya kulifuta ombi la kampuni kabla leseni haijatolewa. Akilifuta, mchezo ule unafungiwa, haurudi Jumbani kwa jina lolote wala kwa mtu yeyote, na dhamana ya washindi inabaki serikalini. Inaitwa adhabu ya usumbufu. Na dhamana yetu haikuwa fedha taslimu, kwa sababu fedha taslimu hatukuwa nayo. Ilikuwa hati ya kiwanja cha Uyole, alichoachiwa Lusajo na baba yake.

"Umewaona, Lusajo. Umeona jiko la mama halina bati."

"Ni vivuli! Hakuna bati lililong'olewa. Wanaweza kukataa kucheza, si watu wazima?"

"Kivuli ndio wao. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unawaambia wafadhili hivyo, kwamba hakikosei. Leo kinakosea?"

Akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma:

"Baba amelala pale, Nakijwa. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Nilimwambia mama ni miezi sita tu."

Nilimwambia asinibebeshe marehemu wake. Akaniambia mimi nimembebesha mama yangu aliye hai. Tuliachana hapo kila mtu na njia yake, sisi tuliosoma dawati moja tangu chuo. Gari la Madam likaondoka kwenda Same, na mimi sikulizuia. Nilijiambia mama atakataa mwenyewe, nisiwe mimi. Huo ulikuwa woga, na nauita kwa jina lake.

* * *

Mama alishuka kwenye gari lile amevaa kitenge cha sare ya kikoba, kilemba kimesimama, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa amekataa maji ya dereva njia nzima. Tulikutana Jumbani, katika chumba cha mashahidi: mimi, Lusajo, Madam Adventina na mwanasheria wake, na yule ofisa wa miwani kwenye dawati lake.

"Shikamoo mama," Madam akasema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye gari?"

"Ndiye mimi, mama."

"Lina baridi mno. Litamuua mtu."

Nilimwamkia, akaniitikia bila kuniangalia vizuri. Alikuwa ameshanusa kitu. Mwanasheria akamsogezea karatasi na kalamu, akamwonyesha kwa kidole pa kuweka saini.

"Ya nini?" mama akauliza.

"Utaratibu tu, mama. Kumsaidia binti yako."

"Nione kwanza ninachokiachia."

"Si lazima, mama, ni mambo ya kitaalamu..."

Mama akaiweka kalamu chini kama mtu anayeweka kisu. "Kijana, mimi nimeendesha kesi ya mfereji wa maji mpaka mahakama ya rufani. Jaji aliniomba nikae chini, sikukaa. Wewe utaniambia si lazima?"

Siku nyingine ningecheka. Sifa ya Wapare ni kupenda kesi, na mama yangu hajawahi kuiaibisha sifa hiyo. Ofisa akasema mwenye kivuli ana haki ya kukiona, akawasha.

Mama aliangalia. Aliiona sebule yake. Aliliona jiko. Alipofika kwa Namsifu akasogea karibu na kioo, akamtazama yule mwanamke wa mashine aliyekonda, akataja jina lake polepole. Kisha akageuka, akaniangalia mimi sasa, moja kwa moja.

"Huu ndio mchezo wenu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulipoona hivi, ukaniitia saini?"

Kila mtu chumbani alikuwa ananiangalia, na aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Mama, hakuna aliyekulazimisha," Madam akaingilia kwa upole. "Ni burudani. Na ukiangalia, hakuna aliyelala chini. Kila mtu ana kitanda chake."

"Ninaona vitanda," mama akasema. "Hawa wanamsubiri nani?"

"Wanamsubiri Namsifu," nikasema. "Alipoteza ada ya mtoto mwezi wa kwanza. Sanduku halijajaa tangu hapo."

Mama akapumua kwa nguvu puani. Akamwuliza ofisa kama wale watu wanasikia. Ofisa akamweleza kwamba vivuli huendelea kuishi mpaka leseni itolewe, ila mwenye kivuli anaruhusiwa kuzungumza na kivuli chake tu, na kile kitawaambia wengine kikitaka. Mwanasheria akainuka kupinga. Ofisa akamwambia akae, ni sheria.

"Nimsalimie vipi mimi mwenyewe?" mama akanung'unika. Kisha akainama kwenye kipaza sauti. "Wewe Mama Nakijwa. Ni mimi. Unajua ni mimi?"

Yule mwingine, mezani, aliinua uso. Alikuwa amezeeka kuliko mama. "Najua," akasema.

"Funga kikao."

"Sanduku halijajaa."

"Najua halijajaa. Halitajaa. Sanduku la watu hawa halina chini. Funga kikao."

"Mimi sijawahi kufunga na pengo," akasema yule wa mezani, kwa ukali uleule ninaoujua tangu utotoni. "Namsifu ataondokaje hapa? Nitamtazama vipi?"

"Utamtazama hivyohivyo," mama akasema. "Mbebee aibu yake mpaka kwake, umwache mlangoni, ukapike. Lakini wafungulie hawa mlango. Wanakufa wamekaa."

Yule wa mezani alitazama wenzake mmoja mmoja. Halafu akaipiga meza kwa kiganja, kama mama anavyolipiga sanduku kila Jumatano. "Kikao kimefungwa," akasema. Wanawake walishtuka. Mmoja akabisha, mwenyekiti, bado. Akarudia kwa ukali zaidi. Namsifu alikuwa wa kwanza kusimama, akilia, na wengine wakamfuata, viti vikikwaruza, mpaka meza yangu nzuri ikabaki tupu na mstari wa faida kwenye kioo ukalala chini.

Nilifurahi. Niliona tumeshinda. Kwa dakika ile moja nilisahau niko na nani.

Madam Adventina hakukasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, akifikiri, na alipoongea aliniambia mimi.

"Tumshukuru mama. Angetufanyia hivi tumeshafungua tungepata hasara kubwa." Akamgeukia mwanasheria. "Andika. Tatizo ni mwenyekiti." Kisha kwangu tena: "Mdogo wangu, wachore upya. Kikoba bila mwenyekiti. Wabaki wanavyopendana, wabaki na sharti lao, ila asiwepo wa kuwafungia kikao. Vivuli vingine nitakodi mimi, vikoba nchi hii havihesabiki. Unaweza?"

Ningeweza. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba kichwani nilikuwa nimeshaona mahali pa kukata. Kazi ya asubuhi moja.

"Anaweza," Lusajo akasema haraka. "Nakijwa, unaweza. Na mama zako watakuwa nje, hawatakuwemo tena. Wengine tu."

Wengine tu. Nilimwangalia Lusajo, rafiki yangu, na nikaona anavyoomba kwa macho. Nikamwangalia yule mama mpole mwenye harufu ya karafuu. Nikaenda kwenye dawati la ofisa.

"Ninafuta ombi la Mezani," nikasema.

"Nakijwa!"

"Unajua mchezo unafungiwa?" ofisa akauliza. "Kwako na kwa mwingine yeyote?"

"Ndicho ninachotaka."

"Na dhamana inabaki hapa."

Sikugeuka nyuma. Ningegeuka nisingeweza. "Najua," nikasema, na ofisa akanisogezea kioo, nikaweka kiganja.

Madam alikusanya mkoba wake bila haraka. Alipopita karibu nami akaniambia, kwa upole wake uleule, kwamba watu kama mimi huwa wanarudi, kwa sababu kichwa kinachoweza kuchora meza ile hakiwezi kukaa bila kazi. Nilimwambia toka. Mwanasheria alimfungulia mlango. Gari, Madam akasema, litamrudisha mama, yeye si mtu mbaya.

Lusajo alikuwa ameteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Hakulia safari hii.

"Umeokoa watu wako," akaniambia. "Hongera. Sasa nenda kamwambie mama yangu amhamishie wapi baba."

Nilianza kusema kitu, samahani au nini, sijui. Akaniambia ninyamaze, akaniambia tuondoke wote, na mama yangu na kilemba chake, hataki kutuona.

Mama aliuliza, "Baba yake yuko wapi?"

Nikamweleza kiwanja, hati, na kaburi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mlangoni dereva wa Madam alikuwa amefika, akasema mama twende, giza lisitukute njiani.

"Wewe nenda," mama akamwambia.

"Mama, hakuna basi saa hizi," nikasema. "Na hujala tangu jana."

Mama alivua viatu, akavipanga kando ya ukuta, akakunja kitenge chake na kukaa sakafuni karibu na Lusajo, kijana aliyekuwa anamwona kwa mara ya pili maishani. Lusajo akamwambia kwa ukali aondoke. Mama akasema amesikia. Kisha akafungua fundo la kanga yake ya ndani, akatoa fedha iliyokuwemo, akaiweka sakafuni mbele yao, akaniangalia mimi.

"Na wewe kaa," akasema. "Hakuna anayeondoka hapa."

Nilikaa. Nilimwangalia mama yangu, njaa usoni, amenyooka mgongo kama yule wa kwenye kioo, yuleyule kabisa, na sijawahi kumchukia Madam Adventina kama nilivyomchukia wakati ule, kwa sababu alikuwa amemsoma mama sawasawa.